Niambie Niliposimama

Mwonyeshe mtu wa Goma, mji wetu wa lava mashariki mwa Kongo, picha uliyopiga barabarani, kisha usikie atakachouliza kwanza. Hatataja mwanga wala lenzi. Atauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Au atasogeza simu karibu na macho na kusema, "Hapa si Birere, pale kwa wauza viatu?" Wapiga picha wenzangu hukereka na maswali kama hayo, wakiona kwamba mtu hakuitazama picha bali alitafuta jamaa zake ndani yake. Mimi nayapenda kuliko maoni mengi ya mafundi, kwa sababu yananipa jambo moja la uhakika: jicho la huyu mtu limetua wapi. Akiuliza habari za mtoto, amemwona mtoto. Akiuliza habari za viatu wakati nilitaka amwone mtoto, basi kazi ninayo.

Sasa linganisha na "Muzuri sana!" na kile kidole gumba kinachoinuliwa kabla picha haijamaliza kufunguka. Inapendeza kusikia, sikatai, na siku mvua imenyesha na mteja hajalipa huenda ndiyo pekee unayohitaji. Lakini haikufundishi kitu. Na ndugu yake pacha, "Haina hisia," haikufundishi kitu vilevile, ila yeye huvaa miwani.

Msimamo wangu ni huu, na wenzangu wameshachoka kuusikia: maoni yanayosaidia ni yale yanayogusa jambo ambalo mpiga picha anaweza kulifanya kwa mwili wake kesho asubuhi. Asimame wapi. Apige magoti au apande juu ya jiwe. Aje saa ngapi. Asubiri nini ndipo abonyeze. Sehemu kubwa ya makosa tunayoyaita ya kamera ni makosa ya miguu. Mtu aliona kitu, akatoa simu, akapiga palepale alipokuwa amesimama tayari, kana kwamba lava imemgandisha.

Jumamosi ambazo hatuna harusi, tunakutana watu wachache kwenye baraza ya mmoja wetu huko Himbi. Yupo muzee aliyekuwa na studio Mabanga enzi za mikanda ya filamu, yupo dada anayepigia saluni picha za misuko, yupo motari mmoja kijana, dereva wa pikipiki, anayepiga kwa simu katikati ya abiria na abiria. Huyo motari ndiye aliyeleta siku moja picha ya mama muuza sambaza pale soko la Kituku, asubuhi, saa boti zinapotia nanga kutoka Minova. Mama ameinama juu ya beseni, mkononi ana kopo la kupimia, samaki wanang'aa kama misumari mipya. Nyuma kuna boti, na nyuma ya boti kuna ziwa.

Tulianza kama kawaida. Muzuri. Rangi zimekubali. Dada wa saluni akasema angeongeza joto kidogo kwenye rangi. Muzee alikuwa kimya, akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, kisha akasema, "Mi naona bidoni."

Tukaangalia. Kweli, pembeni kabisa mwa picha kulikuwa na bidoni ya njano, dumu la plastiki, safi, imepigwa na jua lote la asubuhi.

"Naona bidoni," akaendelea, "kisha naona samaki. Mama namfikia wa tatu. Halafu kuna mti wa boti unatoka kichwani mwake."

Hakusema picha ni mbaya, wala hakusema angefanya nini yeye. Alitupa orodha ya safari ya jicho lake, kituo kwa kituo, na yule kijana akaelewa kabla hajaelezwa lolote. Ndipo likafuata swali ambalo sasa tunamwuliza kila mtu: "Ulisimama wapi?" Alikuwa amesimama juu, kwenye ngazi za mawe. Kulikuwa na nafasi upande wa kushoto? Ndiyo, ilikuwepo. Basi hatua moja kushoto na magoti chini: bidoni inajificha nyuma ya mama, mti wa boti unaondoka kichwani, na uso, badala ya kuzama kwenye rangi ya mbao za boti, unapata maji meupe ya ziwa nyuma yake.

Mwenzetu mmoja alisema si lazima kusumbuka hivyo, mtu anaweza kukata tu ule upande wa bidoni kwenye simu. Ni kweli, na kama mteja anasubiri mlangoni, kata. Lakini ukimwambia mtu akate, umemsaidia na picha hii moja. Ukimwambia asogee, umemsaidia na zote zitakazofuata.

Kijana alirudi Kituku. Kabla ya kupiga tena, akamwonyesha mama ile ya kwanza. Mama akaitazama, akacheka, akasema: "Juu ya nini unanikamata nikiinama? Watu wataona mugongo tu." Halafu akasema jambo ambalo sisi sote pale barazani, pamoja na muzee na studio yake, hatukuligusa: kopo halionekani limejaa. Akataka apigwe akiwa amelijaza mpaka samaki wanamwagika, ili wateja waone kwamba kwake hapimi kwa ujanja. Kwetu lile kopo lilikuwa umbo la duara linaloipa picha uzito upande wa chini, lakini kwake lilikuwa jina lake sokoni.

Tangu hapo ninaamini kwamba aliyepigwa picha ana haki ya kutoa maoni kabla yetu. Si lazima umtii. Lakini umsikie.

Kwa upande wa wateja hali ni ngumu zaidi, maana mteja ana pesa mkononi. Lalamiko tunalolisikia kuliko yote hapa ni "Umenifanya mweusi." Wapiga picha wengi wana majibu mawili tu kwa lalamiko hilo. Wa kwanza anakasirika na kutoa hotuba juu ya fahari ya ngozi yetu. Wa pili anafungua programu, anapaka uso wa bibi harusi mpaka anafanana na unga wa muhogo. Wote wawili hawakusikiliza, kwa sababu mara nyingi mteja anasema ukweli wa kiufundi kwa lugha ya kawaida: uso wake kweli umezama gizani.

Na sababu ipo. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinaangalia nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, ukikichanganya chote, kinatoa kijivu cha wastani, kile ambacho mafundi wanakihesabu kuwa kinarudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Jaza fremu kwa gauni jeupe la harusi, kamera itaona ni jeupe kupita kiasi na kulivuta kwenye kijivu. Uso wa bibi harusi unavutwa pamoja nalo, na ndio huo mweusi anaoulalamikia. Jaza fremu kwa mawe yetu ya lava, kamera itafanya kinyume: itaona ni giza mno, itaongeza mwanga, na mawe meusi ya volkano yetu, Nyiragongo, yatatoka kama majivu, shati jeupe la mtu litaungua kabisa, libaki weupe mtupu. Maharusi wa Goma wanasimama na gauni jeupe juu ya lava nyeusi. Kamera ifanye nini, maskini? Kwa hiyo maoni "picha ni giza" hayatoshi, na "picha ni angavu mno" hayatoshi. Yanayosaidia ni: "Pima mwanga usoni, acha gauni na mawe vijitafutie maisha."

Kuna na historia ndani yake. Enzi za filamu, maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi za kupimia zilizoitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi mmoja wa kampuni aliyepigwa picha hiyo, mwanamke mweupe. Kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na sisi wengine tukatoka kwenye karatasi tukiwa meno na macho. Muzee anasema wakati wake alikuwa akiongeza mwanga kwa kukisia, kwa sababu kitabu cha kamera hakikumjua mteja wake.

Ardhi yetu nayo ina tabia ambayo video za mafunzo kutoka kwingine hazitaji. Mahali penye mchanga mweupe au saruji, jua la mchana likipiga chini linarudi juu na kuingia chini ya nyusi za mtu. Hapa linapiga lava na kumezwa. Ndiyo maana picha ya saa sita mchana huko Majengo ina macho kama mashimo, hata kamera ikiwa ya bei gani. Na kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, jua halina subira: linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kupanda moja kwa moja, na ule mwanga laini wa kulala hauchukui hata saa nzima. Ukiona picha ya mtu ina macho yenye mashimo, usimwambie anunue flashi. Mwulize kama pale alipokuwa hapakuwa na ukuta uliopakwa chokaa, au gunia jeupe la unga la kutandika chini miguuni pa mtu. Hilo ni jambo la kufanya kesho, tena bila pesa.

Nikirudi kwa namna ya kuyasema yenyewe: Marekani kuna mtu wa dansi, Liz Lerman, aliyetunga mwaka 1990 utaratibu wa kutoa maoni juu ya kazi ya sanaa, na unatumika mpaka leo mbali na dansi. Una hatua nne. Kwanza watazamaji wanasema nini kiliwagusa. Pili, mwenye kazi ndiye anayewauliza wao maswali. Tatu, wao wanamwuliza yeye, lakini kwa maswali yasiyobeba hukumu ndani. Mwisho, mwenye maoni anaomba ruhusa: nina maoni juu ya jambo fulani, ungependa kuyasikia? Na mwenye kazi anaweza kukataa.

Tuliujaribu barazani. Hatua ya nne ilitushinda palepale. Umri wa muzee ni mara tatu ya umri wa motari. Amwombe ruhusa ya kusema? Aliangalia juu, akasema, "Nikubalie nikuambie kwamba umekata miguu ya huyu mtu," na hakusubiri kukubaliwa. Tukacheka mpaka jirani akachungulia. Lakini hatua ya tatu tuliichukua na hatujaiacha. Kati ya "Kwa nini umeipiga gizani hivi?" na "Ulikuwa unafikiria nini juu ya mwanga hapa?" kuna tofauti kubwa. La kwanza linamfanya mtu ajitetee. La pili, mara nyingine, linatoa jibu ambalo hukulitarajia: kwamba alikutaka usione uso, kwa sababu mwenye uso hakupenda kujulikana. Katika mji huu hiyo si sababu ndogo.

Hatua ya pili pia ina faida kubwa kwa anayepokea. Ukileta picha na kusema "Mnaionaje?" utapata mvua ya kila aina. Uliza kitu kimoja: "Jicho lako linaanzia wapi?" Au: "Unadhani hawa wawili wanafahamiana?" Halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kila mpiga picha ana hadithi ya kuifuatisha picha: mvua ilikuwa inakuja, askari alikuwa ananiangalia, betri ilikuwa imebaki kidogo. Yote huenda ni kweli, lakini picha ikitoka mikononi mwako inasafiri peke yake, na hakuna atakayekupigia simu kuuliza habari za betri. Anayejieleza kabla hajaambiwa kitu ameshawanyima wengine macho yao, kwa sababu sasa wanaona alichowaambia.

Jambo jingine, ambalo kwangu ni muhimu kuliko adabu zote hizi: leta na majirani wa picha. Enzi za filamu, mkanda wa picha 36 ulichapwa wote kwenye karatasi moja ya vijipicha, na mhariri akaipitia kwa kioo cha kukuzia na kalamu nyekundu. Karatasi ile ilionyesha mtu alivyotembea: alianzia mbali, akazunguka, akasogea, akakata tamaa, akarudi. Leo tunafuta. Motari anapiga mara kumi, anabaki na moja, kisha anatuuliza maoni juu ya hiyo moja, na sisi hatuwezi kujua kama hakuwahi kusogea au alisogea akachagua vibaya. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake si moja. Mara nyingi picha bora zaidi imo miongoni mwa zile alizotaka kufuta akiwa njiani.

(Na tafadhali, usiombe maoni ya kiufundi juu ya picha uliyoituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa njiani na kufika imepungua. Itume kama dokumenti. Na usiitazame juani huku mwanga wa skrini ukiwa chini. Ukitaka kujua kama umbo la picha linasimama, igeuze juu chini, kama alivyokuwa akifanya mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Bidoni zote zitajitokeza.)

Sasa nije kwenye ushauri unaorudiwa kuliko wowote: sogea karibu. Umetoka kwa Robert Capa, mpiga picha wa vita, mmoja wa waliounda shirika la wapiga picha la Magnum mwaka 1947, aliyesema kwamba kama picha zako hazitoshi, basi hukuwa karibu vya kutosha. Aliishi kauli yake, akafa kwa bomu la ardhini huko Indochina mwaka 1954. Kwa wanaoanza ni ushauri mzuri. Wengi wetu tunapiga kwa woga, tukiwa upande wa pili wa barabara. Lakini hapa Goma kuna mahali ambapo miaka yote kamera zilisogea karibu kupita kiasi. Kambi za waliokimbia vita kama Kanyaruchinya au Bulengo zilipokuwa zimejaa watu, ungeweza kutabiri picha kabla haijapigwa: mtoto, macho makubwa, kamasi, turubai jeupe limefifia nyuma. Ni karibu mno hivi kwamba hujui mtoto yuko wapi, yuko na nani, nani alikuwa amemshika mkono nje ya fremu. Mtu akinionyesha picha kama hiyo leo, maoni yangu ni kinyume cha Capa. Rudi nyuma hatua tano, nione mama yake.

Na ushahidi wangu ni wa hukuhuku Kongo. Mwaka 1904, kwenye misheni ya Baringa, Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aliyeitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR walikuwa wamemwua binti yake mdogo, Boali, na Nsala alikuja na kilichobaki kimefungwa kwenye majani: mkono na mguu. Mtu mwingine angeisogeza kamera kwenye ule mkono na ule mguu. Harris hakufanya hivyo. Alisimama mbali kiasi cha kumpata Nsala mzima, ameketi ukingoni mwa baraza, watu wengine wapo nyuma. Ukiitazama, kwanza unaona mwanamume amekaa. Unaona anaangalia kitu chini mbele yake. Unafuata macho yake. Vitu vyenyewe ni vidogo sana, na inachukua muda kidogo kabla hujaelewa ni nini, na kufikia hapo umeshakaa naye pale barazani, huwezi kuondoka. Picha hiyo na nyingine zake zilizungushwa kwenye mihadhara Uingereza na Marekani, zikawa miongoni mwa vilivyomwondolea mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi hii kutoka mikononi mwake mwaka 1908. Ingekuwa ya karibu ingetisha tu. Umbali ule ndio uliolipanga jicho: baba kwanza, kisha anachokitazama.

Muzee alipoiona kwa mara ya kwanza kwenye simu ya dada wa saluni aliuliza swali lake lilelile, alisimama wapi, akapima kwa mkono hewani.

Kuna wakati maoni yanapingana na hakuna wa kuamua. Juzi dada wa saluni alileta picha ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inayoteremka kutoka Kibumba na magunia ya makaa, kijana ameweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unavuta breki. Ameipiga kutoka chini, gurudumu la mbele limekatwa nusu. Muzee akasema gurudumu liingie lote. Bila gurudumu hakuna chukudu, kuna kijana na magunia. Motari akasema kinyume: likatwe zaidi, magunia yajaze fremu mpaka mtu ahisi uzito mgongoni. Mwingine akasema Goma yote imeshapiga chukudu, na hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu pale kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, imechoka. Akaulizwa basi ni kitu gani ambacho hakijapigwa bado, akafikiri, akasema mikono ya yule kijana kwenye usukani. Hayo yalikuwa maoni ya maana, na hayakutarajiwa kutoka kwake.

Dada aliandika yote, hakujibu kitu. Mwishoni akawauliza wote watatu jicho lao lilianzia wapi. Kwenye magunia, wakasema, kila mmoja kwa wakati wake. Akafunga daftari. Jumatano anapanda tena barabara ya Kibumba alfajiri, apige ya gurudumu, ya magunia na ya mikono, na amemwomba motari ampeleke kwa bei ya kindugu. Juu ya bei hiyo hawajaelewana mpaka sasa.